Kuhamia Kijijini: Muhuri wa Mtendaji Hautoshi

Mtu anayeondoka Dar es Salaam, Mwanza au Arusha kwenda kuanza maisha kijijini huwa na karatasi moja anayoiamini kuliko zote. Ni hati ya mauziano ya shamba, yenye sahihi za mashahidi, picha ndogo ya muuzaji na muhuri wa bluu wa ofisi ya mtendaji. Anaitia kwenye bahasha ya plastiki na kuifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba karatasi hiyo, ikiwa peke yake, haimpi ardhi. Katika ardhi ya kijiji, mapatano ya muuzaji na mnunuzi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni uamuzi wa kijiji chenyewe, uliofanywa kikaoni na kuandikwa kwenye muhtasari. Asiye na muhtasari huo anakaa kwa hisani ya watu ambao hawajagombana naye bado.

Tuanze na sheria. Tanzania Bara ina sheria kuu mbili za ardhi, zote za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. (Zanzibar ina sheria zake, na haya hayaihusu.) Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, nayo imegawanywa katika ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Hii ya tatu iko katika vijiji vinavyozidi 12,000, na msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, inayoishika kwa niaba ya wanakijiji. Mgeni huipata kwa njia mbili. Akiomba kugawiwa, halmashauri hairuhusiwi kumpa hata robo ekari kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, haujaridhia. Akinunua kwa mwanakijiji aliyekwisha kuwa na haki ya kimila, uhamisho huo unahitaji idhini ya halmashauri. Mtendaji wa kijiji ni katibu wa halmashauri. Kazi yake ni kuandika uamuzi, si kuutoa yeye mwenyewe akiwa mezani kwake siku ya Jumanne baada ya dalali kumpigia simu. Muhuri wake unathibitisha kwamba aliona karatasi, na hauthibitishi kwamba kijiji kilikubali. Mahakama ya Rufani imelisema hili zaidi ya mara moja: mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili.

Neno batili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mauziano batili hayahesabiwi kuwa yana kasoro ya kurekebishwa. Huhesabiwa kama hayakuwahi kuwapo. Muuzaji anabaki na ardhi, nawe unabaki na madai ya fedha. Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba, kifungu cha 65, inamtaka aliyenufaika na mapatano batili arudishe alichopokea au alipe fidia. Lakini fikiria maana yake kwa mtu aliyelipa milioni tatu, akajenga, akapanda michungwa, na thamani ya eneo ikapanda mara kumi baada ya barabara kufika. Anachoweza kudai kwa uhakika ni ile bei aliyotoa. Nyumba na michungwa ni ugomvi mwingine, mrefu, dhidi ya mtu ambaye pengine hana hata laki mbili za kulipa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yanaivunja Katiba. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri, na Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Kwa nini basi Mtanzania aombe ridhaa ya kijiji ndani ya nchi yake? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa, hasa pale viongozi wa kijiji wanapoitumia idhini kumkataa mtu kwa sababu ya kabila au dini yake. Kukataa kwa sababu hiyo ni ubaguzi ambao Katiba hiyohiyo inaupiga marufuku. Hata hivyo, haki ya kuishi mahali na haki ya kupewa ardhi ya mahali hapo ni vitu viwili. Hakuna mwenyekiti anayeweza kukuzuia kupanga nyumba kijijini, kufungua genge, kupeleka watoto shule ya hapo au kutibiwa katika zahanati yake. Ardhi inatazamwa tofauti kwa sababu ni akiba ya pamoja ya watu ambao wengi wao hawana mshahara wala pensheni. Kama kila mwenye fedha za mjini angeweza kumalizana na mkulima mmoja mmoja gizani, vijiji vya Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo vingeamka na kukuta ardhi imekwisha bila mkutano hata mmoja kuitishwa. Wengine watasema baadhi vimekwisha kuamka hivyo. Naam, na ndiyo sababu sharti lilihitajika.

Faida ya sharti hili kwa mhamiaji ni kwamba sheria imemwachia mlango mpana kuliko anavyojua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haimtambui mwanakijiji kwa kaburi la babu yake. Mwanakijiji ni mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au ambaye halmashauri ya kijiji imemtambua hivyo. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni kinyume cha ule unaozoeleka. Watu hununua kwanza, hujenga polepole kwa kutuma fedha kwa simu, kisha huhamia wakistaafu. Afadhali uhamie kwanza, hata kwa kupanga vyumba viwili. Jiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji katika daftari la wakazi na uhudhurie mikutano, kisha uombe ardhi ukiwa mtu anayefahamika. Mkutano unaokufahamu una sababu chache za kukukatalia. Tena ukiwa mkazi unakuwa na sauti na kura katika mkutano huohuo, pamoja na haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji, jambo ambalo wageni wengi hawalidai kwa kuogopa kuonekana wajuaji.

Pingamizi lenye nguvu zaidi halihusu Katiba. Linahusu rushwa. Utaambiwa kwamba kupeleka shamba lako kikaoni ni kuwaita watu 20 waje kula, na kwamba ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa na ofisi ni kodi ya kunyamazisha viongozi. Sikatai kwamba inatokea. Lakini angalia njia inayopendekezwa badala yake: kumpa kiongozi mmoja bahasha faraghani. Kiongozi mmoja ndiye rahisi kuliko wote kumnunua, na akinunuliwa na wewe leo atanunuliwa na mwingine kesho kutwa, kwa shamba lilelile. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Uamuzi wao ukiandikwa, ukasomwa na kuwekwa kwenye jalada, unakuwa mgumu kuukana hata uongozi ukibadilika, nao hubadilika: uchaguzi wa vijiji hufanyika kila baada ya miaka mitano, wa karibuni ukiwa ule wa Novemba 2024. Kuhusu asilimia kumi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji haiitaji. Ukidaiwa, uliza ni sheria ndogo ipi ya halmashauri ya wilaya inayoiruhusu, omba kuiona, na usitoe shilingi bila stakabadhi ya serikali. Kisha omba nakala ya muhtasari iliyothibitishwa, yenye jina lako, ukubwa wa eneo, majirani wa pande nne, orodha ya waliohudhuria na sahihi za mwenyekiti na mtendaji. Nakala hiyo ndiyo itakayokufungulia njia ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo huandaliwa kijijini na kusajiliwa na ofisa ardhi wa wilaya.

Kundi jingine huona kwamba yote haya hayawahusu, kwa kuwa wao wanarudi kwao. Shamba ni la marehemu baba, mipaka ni masale au minyaa aliyoipanda mwenyewe, na kila mtu anajua. Wana haki katika jambo moja kubwa: haki ya kimila ipo hata bila cheti, na sheria inaipa hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali kwa ardhi ya mjini. Lakini haki hiyo ni ya nani baada ya baba kufariki? Mtoto wa kwanza wa kiume anayerejea na tofali zake si mmiliki kwa sababu ya kutangulia kuzaliwa. Hadi mirathi ifunguliwe, aghalabu katika Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi ateuliwe na kugawa, hakuna mrithi mmoja mwenye mamlaka ya kujikatia kipande kizuri karibu na barabara, sembuse kukiuza. Hapa ndipo dada husahauliwa. Kanuni za mila zilizotamkwa mwaka 1963 ziliwaweka mabinti nyuma katika urithi wa ardhi ya ukoo, na bado zinanukuliwa katika vikao vya familia kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilikubali kwamba mwanamke wa Kagera aliyerithi ardhi ya ukoo aliweza kuiuza kama mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki hiyo ni batili. Kwa hiyo anayejenga juu ya urithi usiogawanywa anajenga juu ya madai ya dada zake, hata kama wameolewa mbali na hawajasema neno. Na mke au mume anayebaki mjini asisahau kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: nyumba ya familia haiuzwi kugharamia safari ya kijijini bila ridhaa ya mwenzi.

Kuna pia saa mbili zinazokimbia dhidi ya anayenunua na kuondoka. Ya kwanza ni miaka mitano: ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda huo inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Si jambo la papo kwa papo, maana lazima tangazo litolewe na mwenye haki apewe nafasi ya kujieleza, lakini tangazo lililobandikwa kwenye mbao za kijiji halimfikii mtu aliye Tabata. Ya pili ni miaka 12 ya Sheria ya Ukomo. Ukimwacha mtu akalishika eneo lako wazi na kinyume na haki yako kwa miaka hiyo bila kumshtaki, mlango wa mahakama unafungwa. Kama ndugu au mlinzi analima hapo kwa ruhusa yako, iandikeni ruhusa hiyo, hata kwa ukurasa mmoja mbele ya mashahidi, ili isije kugeuka umiliki midomoni mwa wajukuu.

Kabla ya fedha kutoka, uliza pia kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, kwa kuwa pembezoni mwa miji vijiji vingi vimegeuzwa mamlaka za miji na taratibu zake ni nyingine. Angalia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji: eneo la malisho au msitu wa kijiji haligawiwi kwa mtu binafsi hata likiwa tupu mwaka mzima. Na wapenda mito wakumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mgogoro ukizuka, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao angalau wanawake watatu. Kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo limebaki na usuluhishi tu, halina tena uwezo wa kuamua nani mmiliki; ukipewa leo hukumu ya kata, haina nguvu. Hata hivyo huwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la umiliki mpaka kata ithibitishe kuwa suluhu imeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu. Wasio na uwezo wa wakili waulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao huduma yao ni bure.

Swali linalobaki ni la wale waliokwisha kununua kwa muhuri tu, na ni wengi. Watasema miaka minane imepita na hakuna aliyewagusa. Utulivu huo unategemea muuzaji kuwa hai, mkweli na kutohitaji fedha. Sheria haimzuii mtu wa namna hiyo kurudi kwa muuzaji na kwenda naye halmashauri na ombi jipya, wakaeleza wazi kilichofanyika na kuomba idhini sasa. Kikao kikikubali, muhtasari uandikwe kwa tarehe ya kikao hicho, si kwa tarehe ya kurudisha nyuma, maana hiyo ni kughushi na itaharibu hata kile kilichokuwa salama. Inafaa kufanywa upesi. Muuzaji akifariki, mazungumzo yatakuwa na warithi wake, na wao watataja bei ya mwaka huu.