Krismasi Isiwaache na Kinyongo



Krismasi huleta furaha, lakini katika nyumba nyingi huleta pia ugomvi. Watoto wamefunga shule, wanashinda nyumbani na wanataka nguo mpya. Baba amekwisha kuwaahidi wazazi wake kwamba mtakwenda kwao. Mama naye alijua mwaka huu ni zamu ya kwao. Kila mmoja alipanga kimoyomoyo bila kumwambia mwenzake.

Mara nyingi fedha huchochea moto huo. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu, na mwingine hauji hadi mwisho wa Januari. Basi fedha hizo ni za wiki tano au sita, wala si za siku mbili. Humo mna nauli, ambayo hupanda msimu huu, kodi ya nyumba, na mahitaji ya shule zikifunguliwa Januari.

Jioni moja, watoto wakiisha kulala, kaeni pamoja na kalamu na karatasi. Andikeni kwanza mambo ya Januari, kisha nauli ya kwenda na kurudi, halafu zawadi za wazazi wa pande zote mbili. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kama safari haiwezekani, waambieni wazee mapema.

Mtoto husahau upesi gauni alilonunuliwa. Kelele za wazazi wake usiku wa Krismasi hazisahau.

Kwa kawaida, Jumapili baada ya Noeli Kanisa huadhimisha Familia Takatifu. Je, siku hiyo mtakaa benchi moja mkiwa mnasemezana?