KUKAA NDANI YA KRISTO KILA SIKU
Somo: Yohana 15:1–8



Bwana wetu alijifananisha na mzabibu, nasi akatuita matawi. Hapa Tabora wengi wetu hatujauona mzabibu, lakini mwembe tunaujua. Tawi la mwembe likivunjwa na upepo wa usiku, asubuhi lingali bichi, na mpita njia hawezi kujua kwamba limekatika. Baada ya siku chache majani hunyauka. Mkristo naye aweza kukatika namna hiyo, huku akionekana mbichi kila Jumapili.

Twasema haya kwa kuwa yametupata. Miaka mingi tulifundisha katika chuo cha ualimu. Kengele ya asubuhi ilipolia tulisali pamoja na wanachuo, na jioni vivyo hivyo. Tulipostaafu, kengele haikulia tena. Tukawa tunangojea malipo ya uzeeni mwezi hata mwezi, na uchungu ukaingia moyoni. Kanisani tulikwenda, na masomo tuliyasoma kwa sauti nzuri, lakini nyumbani hatukupiga magoti. Ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumeshikamana na kengele, wala si na Kristo.

Aliyetusaidia ni mtu aliyewahi kungojea hapa hapa kwetu. Nje kidogo ya mji, huko Kwihara, ipo tembe alimokaa Dakta Livingstone, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na watumwa pia, jambo lililomhuzunisha sana. Tarehe 14 Machi 1872 aliagana na Stanley, aliyekwenda pwani kumpatia wapagazi. Livingstone alibaki akingoja hadi tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi 5.

Siku ya 5 tangu waagane, yaani 19 Machi, alitimiza miaka 59. Siku hiyo aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba anajitoa tena kwa Yesu, yeye mzima.

Tuliangalie neno hilo "tena". Mzee huyu alimfuata Kristo tangu ujana wake, lakini hakuona kwamba kujitoa kwa jana kunatosha leo. Alijitoa upya wakati wa kungoja, hana kazi ya kuonyesha watu. Mwaka uliofuata, 1873, watumishi wake walimkuta amefariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alivyozoea kuishi ndivyo alivyokutwa.

Basi tufanyeje? Tumejifunza mambo matatu.

1. Tujitoe kwa Kristo kila asubuhi kabla ya kushika jembe au kufungua duka. Maneno machache ya kweli yatosha.

2. Tumpelekee na yale yanayotuudhi. Sisi tulikuwa tukimweleza mambo mazuri tu, na malalamiko tukawapelekea jirani. Siku tulipomweleza Bwana habari za malipo yale, hayakuja upesi zaidi, lakini uchungu ulipungua.

3. Tusiikaribie Meza ya Bwana kwa mazoea. Aliye na neno na ndugu yake akapatane naye kwanza, kwa maana chuki ndiyo upepo unaovunja tawi usiku.

Tawi halijitahidi kuzaa embe. Kazi yake ni kukaa katika shina, na utomvu hupanda wenyewe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Ni "kengele" gani inayotufanya tusali? Ikinyamaza, je, tutaendelea?
(b) Ni jambo gani tunalongojea sasa, na tumemweleza Bwana?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, utushike leo, na kesho utushike tena. Amina.