Kwa Nini Mzinga Wenye Ugonjwa Huchomwa Moto

Mkulima akiuziwa mizinga ya zamani kwa bei ndogo hufurahi. Yafaa kwanza aulize: nyuki waliokaa humo walikufa kwa nini?

Uko ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki, uitwao uozo wa Kimarekani, ingawa waonekana katika nchi nyingi. Jana changa huupata pamoja na chakula alishwacho na nyuki wakubwa. Hufa na kuoza tunduni, likiacha mbegu za ugonjwa mamilioni kwa mamilioni. Mbegu hizo hukaa hai katika mbao na masega zaidi ya miaka 35. Dawa huzuia vidudu visizidi, lakini haziui mbegu. Mzinga ukidhoofika, nyuki wa jirani huja kuiba asali, nao hurudi kwao na ugonjwa.

Ndiyo sababu sheria huingia kati. Uingereza imekuwa nayo tangu mwaka 1942. Mwenye nyuki akishuku ugonjwa lazima amwarifu mkaguzi, wala hana ruhusa kuhamisha chochote. Ukithibitishwa, nyuki huuawa jioni wakisha kurudi wote, na masega huchomwa shimoni na kufukiwa. Ni hasara kweli, lakini ni hasara ya mtu mmoja badala ya kijiji kizima.

Wako wasemao kwamba nyuki wetu wa Afrika ni wakali, hawaugui. Mwaka 2009 ugonjwa huu ulitangazwa Western Cape, Afrika Kusini, ingawa sheria ya huko ilikwisha kuagiza asali ya kigeni ipigwe mionzi ili mbegu zife.

Basi tazama masega yako. Vifuniko vya majana vikiwa vimebonyea, vyeusi na vyenye vitobo, tena pana harufu mbaya, chomeka njiti ya kiberiti tunduni, uivute polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia kama kamasi, funga mzinga, umwite afisa wa mifugo. Katika mzinga wa gogo kazi hii ni ngumu, maana masega yameshikamana na gogo; wa vijiti vya juu hukaguliwa kwa urahisi.

Asali ya ugonjwa huu haimdhuru mtu. Hata hivyo usiwawekee nyuki asali ya dukani, wala usifungue mzinga mwingine kwa kisu kile kile kabla ya kukisugua na kukipitisha motoni.