Risasi Isiyo ya Bunduki

Ukisikia risasi usidhani ni ya bunduki tu. Yako madini ya risasi, nayo yamo ndani ya betri za magari. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi toka 2007 hadi 2014. Vumbi lake liliingia majumbani, na watu wakaugua. Risasi hudhuru damu, figo na ubongo, hasa wa mtoto mdogo. Mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia mwaka 2020, lakini pesa hazirudishi ubongo ulioharibika. Basi kama baba au kaka yako ni fundi wa betri, mwambie aoge na kubadilisha nguo kabla hajambeba mtoto. Kinga ni bora kuliko tiba.