Msamaria Hakuuliza Kwanza

Somo: Luka 10:30-37

Mama mmoja wa kambi yetu aliniuliza: "Mchungaji, mwanangu anajidunga heroini. Nimfukuze?" Zamani ningemjibu: aache kwanza, ndipo arudi nyumbani. Wengine niliwajibu hivyo, nami nilikosea.

Yule Msamaria hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari. Alimfunga majeraha, akamlipia nyumba ya wageni. Maswali yangeweza kungoja, damu haikungoja.

Ndivyo ilivyo kwa kijana huyu. Sindano iliyotumiwa na mwenzake yaweza kumwambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C. Ndiyo maana wako wahudumu wa afya wanaogawa sindano mpya na kupima damu. Huko si kubariki dhambi, ni kumlinda mtu asife kabla hajatubu.

Iko pia dawa ya methadoni. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto, yale mateso ya kukosa heroini, naye huweza kurudi kazini.

Basi mama, usimfukuze. Mpeleke zahanati apimwe, muulizie na rufaa. Homa ya ini B ina chanjo, na C huponyeka kwa vidonge.

Swali la kujadili nyumbani: Je, mzazi wa kijana kama huyu anaweza kulia mlangoni kwako bila kuogopa kusemwa?