Intaneti Ikizimwa: Namna ya Kuandaa Malalamiko Yenye Mashiko

Hakuna mkataba wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wala wa Afrika wenye ibara inayosema wazi kwamba kila mtu ana haki ya intaneti. Hilo lisikuvunje moyo. Mlalamikaji hushinda kwa kuonyesha haki iliyoandikwa ambayo alishindwa kuitumia mtandao ulipokatwa. Kazi hiyo huanza siku ileile ya tukio.

1. Tenganisha hitilafu na amri. Jaribu laini za kampuni mbili au tatu. Zikikatika zote kwa pamoja, au WhatsApp ikigoma ilhali tovuti nyingine zinafunguka, una sababu ya kushuku amri. Kama kasi ndiyo iliyoshuka, andika kasi imeshuka, usiandike imezimwa.

2. Weka kumbukumbu. Andika saa, mahali, kampuni na ujumbe uliotokea kwenye simu, kisha piga picha ya skrini. Kabla ya uchaguzi, pakua OONI Probe, programu ya bure inayopima tovuti zilizozuiwa. Matokeo yake huwekwa hadharani, kwa hiyo pima kwanza usalama wako.

3. Orodhesha hasara. Miamala iliyokwama, oda zilizopotea, mtihani uliokosa kuufanya mtandaoni. Ambatisha risiti na ujumbe wa wateja. "Tuliteseka sana" haithibitishi kitu.

4. Chagua ibara. Anza na ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ukiwa Tanzania, ongeza ibara ya 18 ya Katiba, inayolinda pia uhuru wa mawasiliano. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, katika kesi ya kuzimwa kwa intaneti nchini Togo mwaka 2017, ilikiri kwamba intaneti si haki ya msingi yenyewe. Hata hivyo ilisema ni haki inayotokana na uhuru wa kujieleza, ikaihukumu Togo kwa kuukiuka.

5. Uliza nani alitoa amri, kwa kifungu kipi. Andikia kampuni ya simu na mamlaka ya mawasiliano, utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Serikali inaweza kutaja usalama wa taifa, lakini ibara ya 19 inadai zuio liwe na msingi wa sheria, lengo halali, na liwe la lazima. Nchini Zimbabwe, Januari 2019, Mahakama Kuu ilibatilisha amri ya kuzima intaneti kwa sababu waziri aliyeitoa hakuwa na mamlaka hayo kisheria.

6. Hesabu siku. Mkazi wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia kwanza mahakama za nchini mwake. Ila muda ni miezi miwili tangu tukio, au tangu ulipolijua, na mahakama haiongezi. Barua ya hatua ya 5 isipojibiwa, usiingoje: mpelekee wakili faili lako ndani ya wiki chache za mwanzo, apate nafasi ya kuandaa shauri. Ushahidi mzuri uliochelewa hausikilizwi.