Mgeni Asipotee Bwenini: Namna ya Kupanga Vibao na Alama za Picha

Hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 2017, zina majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Majengo mengi hivyo, yanayofanana, humchanganya hata mwenyeji, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshuka kwenye bajaji na begi, godoro na ndoo, mkononi ana namba ya chumba tu. Huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza na kila anayejenga au kusimamia bweni, liwe la chuo au la mtu binafsi.

Kabla ya kumwita fundi wa mabango, tembea. Toka getini hadi chumba cha mbali kuliko vyote, na kila mahali unapolazimika kuchagua njia, tia alama ya chaki: kwenye njia panda, mlango wa jengo, chini ya ngazi, korido inapogawanyika. Kibao kinakaa hapo. Katikati ya korido iliyonyooka hakihitajiki, na vibao vingi visivyo na kazi huwazoesha watu kupita bila kusoma. Kila kibao kiseme jambo la hatua inayofuata tu: getini kitaje jengo, mlangoni kitaje ghorofa, juu ya ngazi kionyeshe vyumba viko upande gani.

Namba za vyumba zipangwe mapema, kwa sababu zikivurugika hakuna kibao kitakachookoa hali. C-214 isomeke jengo C, ghorofa ya 2, chumba cha 14. Kwa kuwa kwa mazoea yetu ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu ya ya chini, vyumba vya chini vianze na 0: C-014. Herufi I na O ziachwe kabisa kwenye majina ya majengo. Zinafanana mno na 1 na 0.

Mshale unaoelekea juu ni mtego mwingine. Wabunifu huutumia kumaanisha “nenda mbele moja kwa moja”, lakini ukiwekwa karibu na ngazi, wengi hupanda. Mahali kama hapo chora ngazi zenyewe, na mtu anayepanda.

Kuhusu picha, wengi hupakua alama kutoka intaneti na kuzibandika jinsi zilivyo. Chukua mlango wa choo. Mtu mwenye gauni anamaanisha mwanamke, mwenye suruali mwanamume. Lakini Unguja, Mombasa na pwani yote wanaume huvaa kanzu, na wasichana wengi chuoni huvaa suruali. Andika pia WANAWAKE na WANAUME kwa herufi kubwa, aibu iepukwe. Jambo hili si geni. Marie Neurath, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Isotype, mfumo wa kutoa elimu kwa picha uliozaliwa Vienna, alipofanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi miaka ya 1950 ilibidi picha za watu na nyumba zichorwe upya zifanane na walizozijua wasomaji wa huko.

Alama za dharura, hata hivyo, usizibuni upya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7010 kimeshagawa rangi na maumbo: kijani kwa njia ya kutokea na mahali pa kukusanyika, nyekundu ya mraba kwa vifaa vya kuzimia moto, pembetatu ya manjano kwa tahadhari. Mtu akiwa katikati ya moshi hana muda wa kujifunza picha mpya. Ongeza maneno NJIA YA KUTOKEA kwa Kiswahili hata kama chuo kinafundisha kwa Kiingereza, maana mlinzi, mfanya usafi na mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe nao watakimbia kupitia mlango huohuo. Tumia kibao kinachong'aa gizani au chenye taa yake ya betri, kwa kuwa mara nyingi moto na kukatika kwa umeme huja pamoja. Tanzania, andika namba 114 ya Zimamoto kando ya kila mtungi.

Kisha hakikisha mlango unaoelekezwa unafunguka. Katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, walikufa wanafunzi 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Kibao cha kijani juu ya mlango wenye kufuli kinawapeleka watu kwenye kifo, na msimamizi anayekiacha hivyo ana dhima kwao.

Ukubwa wa herufi ufuate umbali: kwa msomaji aliye mita 10, zisipungue sentimita 3, za rangi inayoachana vizuri na kibao. Usitegemee rangi peke yake kutofautisha majengo, kwa sababu wapo wasioona tofauti ya nyekundu na kijani. Namba za milango ziinuke ziguswe kwa vidole, pamoja na nukta nundu, kwa urefu wa kati ya sentimita 120 na 150 kutoka sakafuni, upande wa kitasa. Njia ya kiti cha magurudumu ioneshwe tangu getini, isiwe mtu anafika kwenye ngazi ndipo ajue arudi.

Kabla ya kuchapa, bandika nakala za karatasi ukutani na uwaombe watu wasiolijua jengo watafute chumba fulani. Usiwasaidie, tazama wanaposimama. Onyesha pia picha peke yake na uulize inasema nini. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.3 kinataka angalau asilimia 85 ya wanaopimwa waelewe alama ya usalama, na wanaoielewa kinyume wasizidi asilimia 5. Bwenini ni rahisi kupima hivyo: jioni moja na wanafunzi wapya inatosha kugundua kasoro kubwa.

Mwisho ni matunzo. Stika nyekundu inayopigwa na jua hupauka mapema, kwa hiyo vibao vya nje viwe vya bati lililopakwa rangi. Faili la michoro likae kwa mlezi wa bweni, ili kibao kikivunjika fundi yeyote akirudishe kilivyokuwa, na chumba cha kufulia kikigeuzwa stoo, kibao chake kiondolewe siku hiyohiyo.